Kabla ya Kubomoa Mihrabu: Elimu ya Udongo na Moto Tuliyoisahau



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu kwa udongo na akamfundisha yale aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, juma lililopita tuliahidi kuendelea na mada ya mirathi ya watoto mayatima. Tunaomba radhi, ahadi hiyo tutaitimiza Inshaallah katika toleo lijalo. Juma hili limetokea jambo katika msikiti tunaoutumikia, na dhima ya jambo hilo iko juu yetu sisi wanakamati. Tumeona ni bora tulieleze wenyewe kabla halijaelezwa barazani kwa namna nyingine, na pia kwa sababu tunaamini si msikiti wetu peke yake unaokabiliwa nalo.

Msikiti wetu ni mkongwe. Katika ukuta wa kibla, kuuzunguka upinde wa mihrabu, yamepachikwa mabakuli saba madogo, na kwa sababu ya chokaa iliyopakwa juu yake kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani, hata sura zake zilikuwa zimefifia. Mfadhili mmoja, Allah amlipe kheri, alijitolea kutujengea tangi la maji ya kutawadhia na kuivika mihrabu marumaru mpya kutoka dukani. Kamati ilikaa baada ya swala ya Isha, ikajadili muda usiozidi robo saa, ikapitisha. Sisi ndio tulioandika muhtasari, na sisi ndio tuliotia saini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mabakuli yale ni nini, wala nani aliyeyaweka.

Fundi alipoanza kubandua chokaa, bakuli la kwanza lilitoka vipande vitatu. Akateremka ngazini, akatuita, akatuonesha vile vipande. Alisema amejenga miaka mingi na hajapata kuona udongo wa namna ile: ndani mweupe na wa chengachenga mithili ya sukari, nje umefunikwa na kitu kama kioo chenye rangi ya feruzi. Kisha akaweka nyundo chini, akasema hataendelea hadi kamati ikae tena. Sisi tuliosoma chuo tulipita mbele ya ukuta ule mara tano kwa siku tusiuone. Aliyeuona ni fundi, kwa sababu yeye anajua kazi ya mikono ikoje.

Basi tukaanza kusoma. Tunayoyaleta hapa ni mukhtasari wa tuliyoyapata, ili msomaji ajue ni elimu gani iliyomo ndani ya bakuli moja la ukutani.

Mabakuli ya pwani yetu

Kupachika mabakuli katika misikiti na makaburi ni desturi iliyoenea pwani yote ya Waswahili. Kilwa Kisiwani upo msikiti mdogo wa kuba ambao mabakuli yake yalipangwa ndani ya dari, yakimtazama mwenye kuswali kutoka juu. Kunduchi, katika jiji la Dar es Salaam, ipo minara ya makaburi iliyopambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina. Mambrui, kaskazini ya Malindi, na Gedi, kusini yake, desturi ni hiyo hiyo. Na wachimbuzi wa mambo ya kale waliofukua Unguja Ukuu, na Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, wameokota vipande vya mitungi mikubwa yenye mng'aro wa feruzi iliyosafirishwa kutoka Iraki na Uajemi tangu karne ya 8 hadi ya 10 Miladia. Kwa hiyo Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, vyombo vya namna hii vilikuwa vimekwisha kuletwa na jahazi za msimu kwa zaidi ya miaka 500.

Ufinyanzi wetu wenyewe ulikuwapo na ungalipo, kazi ya akina mama. Mfinyanzi wa kwetu hufinyanga chungu kwa mkono, huchanganya udongo na mchanga au magae yaliyosagwa ili kisipasuke jikoni, hukianika, kisha hukichoma uwanjani kwa kuni na majani makavu. Chungu hicho ni madhubuti kwa kupikia, na mtungi wake hupoza maji kwa sababu unavuja jasho. Lakini moto wa uwanjani hauna kuta za kuuzuia joto lisikimbie, na hauwezi kuyeyusha kioo. Ndiyo maana chombo chenye mng'aro kilikuwa kitu cha kutoka mbali, na wazee wetu walipokipata hawakukiweka kabatini, walikipeleka nyumbani kwa Allah.

Mwili wa bakuli na vazi lake la kioo

Nani alituachia habari ya jinsi vyombo hivyo vilivyotengenezwa? Kwa karne nyingi mafundi walirithishana siri hizi baba kwa mwana bila kuziandika. Aliyevunja ukimya huo ni Abu al-Qasim al-Kashani, mtu wa mji wa Kashan, Uajemi. Alizaliwa katika ukoo mashuhuri wa wafinyanzi, ukoo wa Abu Tahir, ila yeye mwenyewe alichagua kalamu, akawa mwandishi wa historia katika dola ya Ilkhani. Mwaka 700 Hijria, sawa na 1301 Miladia, aliandika kitabu kuhusu vito na manukato, na mwishoni mwake akaongeza sura inayoeleza kazi ya ukoo wake: mawe, vipimo, rangi na moto. Hiyo ndiyo hazina kuu ya maandishi tuliyonayo kuhusu ufinyanzi wa Kiislamu wa zama zile.

Anaeleza kwamba mwili wa chombo bora haukuwa udongo mtupu. Ulikuwa mafungu 10 ya jiwe jeupe la kwatzi lililosagwa, fungu 1 la kioo kilichosagwa, na fungu 1 la udongo mweupe mlaini. Udongo ulikuwa wa kushikanisha tu, na kioo kiliyeyuka ndani ya moto kikayaunga mawe. Tulipolisoma hili tulikitazama tena kile kipande chetu chenye chengachenga za sukari, tukamkumbuka fundi.

Vazi la kioo nalo lina hesabu yake. Kwatzi peke yake haiyeyuki hadi joto lipite nyuzi 1,700 za Selsiasi, na hakuna tanuri la kuni lililoweza kufika huko. Mafundi wakajua kwamba ukiichanganya na majivu ya mimea ya nchi kavu yenye magadi, au na risasi iliyounguzwa, huyeyuka kwa joto la chini zaidi. Mchanganyiko huo uliyeyushwa kwanza peke yake huku ukikorogwa kwa mwiko wa chuma, ukamwagwa katika maji ukavunjikavunjika, ukasagwa unga, unga ukatiwa maji, na chombo kikachovywa humo. Kikirudi motoni, unga huyeyuka na kukizunguka chombo chote.

Hapa ipo hatari inayojulikana na kila mfinyanzi. Chombo kikipoa, mwili hunywea na kioo hunywea. Kimoja kikinywea kuliko mwenzake, kioo hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, au hubanduka kabisa. Ndiyo maana mwili wa kwatzi ulivikwa kioo cha kwatzi. Wasomaji wa kurasa hizi za familia, waliozoea kutuuliza juu ya kufu katika ndoa, watalifahamu jambo hili haraka.

Kuhusu rangi, kila moja ilitokana na madini. Kobalti, ambayo Abu al-Qasim anasema ilichimbwa katika kijiji cha Qamsar karibu na Kashan, ilitoa buluu iliyoiva. Bati liliufanya utando uwe mweupe usiopenya nuru. Shaba katika kioo cha majivu ilitoa feruzi, na shaba hiyo hiyo katika kioo cha risasi ilitoa kijani.

Moto usio moshi na moto wa moshi

Sasa tunafika mahali palipotushangaza zaidi.

Moto wa kwanza, kwa maelezo ya Abu al-Qasim, ulikuwa wa saa 12, mkali na wa sawasawa, na sharti lake kubwa ni kutokuwa na moshi. Kuni mpya haikutiwa mpaka moshi wa ile ya awali uishe. Katika miji ya Baghdad na Tabriz walichoma mti wa mwilo uliokwisha kumenywa maganda ili usitoe moshi. Moshi ukiingia, chombo huingia weusi na kazi yote hupotea. Moto ukizimwa, tanuri liliachwa juma zima lipoe ndipo lifunguliwe. Mwenye haraka alikuta nyufa.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi iliyowapa mafundi wa Kiislamu jina duniani. Waliunda rangi ya fedha na shaba iliyochanganywa na mawe mengine, miongoni mwake zarniki ya manjano na nyekundu yenye sumu ya aseniki. Fedha ilichomwa na kusagwa hadi ikawa unga laini kabisa, kisha mchanganyiko ukalainishwa kwa siki au maji ya zabibu, na fundi akaandika nao juu ya kioo kilichokwisha kuiva. Vyombo vikaingizwa katika tanuri la pili lililojengwa mahsusi. Na huku moto ulikuwa mdogo, takribani nyuzi 600, na moshi ulitakiwa. Walivifukiza vyombo kwa moshi mwepesi muda wa saa 72, siku tatu mchana na usiku.

Kwa nini moshi uliokuwa adui katika tanuri la kwanza ukawa rafiki katika la pili? Moto unahitaji oksijeni. Ukiunyima hewa, hewa ya kaboni iliyomo ndani ya moshi huitafuta oksijeni popote ilipo, na huinyang'anya hata ile iliyoshikamana na fedha na shaba katika rangi. Fedha na shaba zikiachwa peke yake hurudi kuwa madini, chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho, zilizozama katika ngozi ya kioo kilicholainika kidogo. Chombo kikitoka tanurini kimefunikwa na vumbi chafu, na mtu asiyejua hudhani kimeungua. Fundi hukisugua kwa udongo mbichi, na chini ya uchafu ule hutokea maandishi yanayong'aa kama dhahabu. Hakuna dhahabu hata punje.

Kosa dogo liliharibu kila kitu. Joto likizidi, rangi ilizama ndani ya kioo ikapotea. Likipungua, haikushika. Hewa ikiingia kabla ya wakati, fedha ilirudi ilikotoka. Hawakuwa na kipimajoto, walikuwa na macho, na vipande vya majaribio walivyovichomoa tanurini kutazama hali. Hasara ya tanuri moja ilikuwa hasara ya miezi.

Vijana wetu wanaotazama video za ufinyanzi katika simu zao watakuwa wamekiona kitu kinachofanana na hiki, kiitwacho raku. Asili yake ni Kyoto, Japani, karne ya 16, ambako mfinyanzi Chōjirō alitengeneza bakuli za chai kwa matakwa ya mwalimu wa chai Sen no Rikyū. Bakuli la raku hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na huchomolewa tanurini kwa koleo likiwa jekundu kwa joto, badala ya kungojewa lipoe. Miaka ya 1960 Mmarekani Paul Soldner akaongeza la kwake: chombo chekundu hutumbukizwa katika majani makavu au vumbi la mbao, na kufunikwa. Majani huwaka, hewa huisha, na moshi hufanya kazi ile ile tuliyoieleza. Utando wenye shaba, ambao katika hewa ungekuwa wa feruzi, hutoka na wekundu wa shaba iliyosuguliwa. Nyufa za kioo hunywa masizi zikawa mistari myeusi. Ajabu ni kwamba kanuni hii ya kuunyima moto hewa ilikwisha kutumiwa na mafundi wa Kiislamu wa Basra katika karne ya 9, na kabla yao na mafundi wa kioo wa Misri na Sham, katika karne ya 8. Kijana wa Kiislamu anayedhani ufundi huu ni wa wengine tu na ajue kwamba wazee wake katika dini waliushika mapema.

Hukumu, na tahadhari kwa akina mama

Huenda msomaji akauliza: vipi kuhusu makatazo ya vyombo vya dhahabu na fedha? Hadithi ya Hudhayfa (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza kunywea na kulia katika vyombo hivyo. Wapo wanahistoria wanaoona kuwa chombo cha mng'aro kilipendwa kwa sababu kilimpa mwenye nacho uzuri wa dhahabu bila kuingia katika makatazo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi walipozungumzia chombo kilichopakwa dhahabu au fedha, walitazama kama kitatoka kitu cha kukusanywa chombo kikitiwa motoni: kikitoka, kukitumia ni haramu; kisipotoka, kukitumia kunaruhusiwa, ingawa kitendo chenyewe cha kukipaka walikikataza. Fedha ya vyombo hivi ni chembe zilizozama ndani ya kioo. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi na amwendee sheikh wake. Sisi tumetaja ili ijulikane kwamba wanavyuoni wetu nao walizungumza kuhusu moto na madini.

Jambo la pili ni la jikoni, na tunaomba lisipuuzwe. Tumesema kuwa risasi ilitumika kuyeyushia utando wa kioo. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na mimba zilizoko tumboni, kwa kuathiri ubongo na damu. Utando wa risasi usioiva vizuri huachia sumu yake ukikutana na kitu kichachu. Kwa hiyo chombo cha kale, au cha mapambo, au cha asili usiyoijua, usikitilie achari, ndimu, ukwaju, siki wala maji ya matunda. Vyombo vya raku navyo ni vya kutazama tu: mwili wake hunyonya maji na utando wake una nyufa ambamo uchafu hujificha. Na mwenye kutaka kujaribu ufundi huu nyumbani afahamu kwamba moshi wa madini si moshi wa kuni. Wale mafundi wa Kashan waliofukiza zarniki siku tatu mfululizo walivuta sumu ile vifuani mwao.

Mihrabu zilizohama

Sasa turudi katika ukuta wetu.

Katika mji wa Qayrawan, Tunisia, katika msikiti mkuu ulioasisiwa na Uqba bin Nafi (r.a.) mwaka 50 Hijria, mihrabu imezungukwa na zaidi ya vigae 100 vya mng'aro vilivyowekwa katika karne ya 9 Miladia. Baadhi vililetwa kutoka Iraki. Vimekaa pale zaidi ya miaka 1,100, wakipita watawala wa kila namna, na hadi leo Imamu husimama mbele yake.

Kashan haikupata bahati hiyo. Mwaka 623 Hijria, yaani 1226 Miladia, fundi Hasan ibn Arabshah alikamilisha mihrabu ya msikiti wa Maydan, yenye kimo cha karibu mita 3, yote kwa vigae vya mng'aro vyenye maandishi ya Qur'ani. Leo mihrabu hiyo iko Berlin, katika jumba la makumbusho. Na mwaka 663 Hijria, 1265 Miladia, Ali ibn Muhammad wa ukoo ule ule wa Abu Tahir, baba yake Abu al-Qasim aliyetuandikia, alitengeneza mihrabu ya ziyara ya Imamzada Yahya huko Varamin. Ilitolewa ukutani, ikauzwa, ikazunguka, na mwaka 1940 ikanunuliwa na tajiri wa Marekani Doris Duke. Sasa iko Honolulu, katika kisiwa cha bahari ya Pasifiki, katika nyumba yake iliyofanywa makumbusho. Vigae vya kuta za ziyara ile vimetawanyika katika makumbusho ya nchi nyingi, kimoja huku na kimoja kule.

Hatusemi kwamba walioko Berlin na Honolulu hawavitunzi. Wanavitunza vizuri kuliko tulivyoyatunza mabakuli yetu. Lakini mihrabu ilitengenezwa ili mtu asimame mbele yake aseme Allahu Akbar, na huko hakuna anayesimama hivyo. Pwani yetu nayo ina majeraha yake. Atakayezuru makaburi ya kale ataona katika minara mashimo ya mviringo, matupu, kila shimo likionesha mahali palipokuwa na bakuli. Mengine yameanguka kwa mvua na chumvi. Mengi yaling'olewa kwa patasi. Sisi tulikuwa karibu kutoboa mashimo saba kwa saini yetu wenyewe, na hata bei tusingepata.

Tuliyoamua

Kamati imekaa tena, safari hii si kwa robo saa. Tumekubaliana mambo manne, na tunayaeleza hapa kwa faida ya kamati nyingine.

Kwanza, kazi ya mihrabu imesimamishwa, na mabakuli sita yaliyobaki hayataguswa. Vipande vitatu vya lile lililovunjika vimefungwa katika kitambaa na kuwekwa katika sanduku la nyaraka za msikiti, na vimeandikwa katika daftari la mali ya wakfu. Kabla ya hapo mabakuli hayo hayakuwamo katika daftari lolote. Kisichoandikwa hakina wa kukidai.

Pili, tumepeleka taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihifadhi majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kamati ya msikiti haina ruhusa ya kuvibomoa kwa azimio la baada ya Isha. Tunakiri kwamba sheria hiyo hatukuifikiria tulipotia saini.

Tatu, chokaa ya kila mwaka haitapakwa tena juu ya mabakuli. Wataosha kwa kitambaa chenye unyevu tu, bila sabuni kali wala brashi ya waya.

Nne, na hili ndilo lililokuwa zito, tumemwandikia mfadhili. Tumemshukuru, tumemweleza yote, na tumemwomba fedha ya marumaru aielekeze kwenye paa la upande wa akina mama linalovuja. Hadi tunaandika haya hajatujibu. Inawezekana akaondoa msaada wote, pamoja na tangi la maji, na wapo katika jamaa zetu wanaotulaumu kwa kuhatarisha maji ya udhu kwa ajili ya mabakuli ya zamani. Lawama hiyo hatuidharau. Mzee anayebeba ndoo ya maji kutoka kisimani ana haki ya kutuuliza, na tumemwambia kwamba tangi laweza kujengwa mwaka huu au mwaka ujao kwa michango yetu, lakini bakuli likishavunjwa hakuna mchango wa kulirudisha. Alituelewa kiasi. Ndoo bado anaibeba, na wanakamati tumepeana zamu ya kumsaidia.

Ndugu zetu wa kamati za misikiti, hasa mliomo katika miji ya kale ya pwani, mkiletewa pendekezo la kukarabati, tazameni kwanza ukutani. Piteni na taa. Waulizeni wazee wanaokumbuka, na muwaulize mafundi, kwa maana jicho la fundi huona lisiloonwa na jicho la msomi. Yaandikeni yaliyopo kabla ya kuleta yasiyokuwapo.

Na kwa wazazi: Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, wakimaanisha kwamba atengenezaye vizuri kwa wengine hujinyima mwenyewe. Sisi tumekula gaeni kwa namna nyingine, tumesoma sayansi za watu tukasahau kwamba sehemu yake ilipita mikononi mwa wetu. Katika Surat Ar-Rahman Allah (s.w.) anatukumbusha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa udongo unaolia kama wa mfinyanzi. Mpelekeni mtoto sokoni, mwoneni mama muuza vyungu anavyokigonga chungu kwa kifundo cha kidole kusikia kama kina ufa. Chungu kizima hulia, chenye ufa hunyamaza. Hapo aya hiyo mtoto ataisikia kwa sikio lake, na huenda akatamani kujua kilichobaki.

Tunamwomba Allah atusamehe kwa bakuli moja lililovunjika, awarehemu waliolipachika na waliolifinyanga, na atujaalie kuwa waaminifu wa yale waliyotuachia. Amin.

Wabillahi tawfiq.